Mtoto wa Nani? Hadithi za Mapenzi na Ukoo katika Pwani ya Tanga

Zipo hadithi ambazo wataalamu huzitaja kwa kukunja uso, ilhali wasomaji huzisoma mpaka majalada yakachakaa. Hizo ni hadithi ndefu za mapenzi zifuatazo ukoo mmoja tangu babu mpaka mjukuu. Ndani yake mna baba amkatazaye binti yake mchumba, mtoto aliyefichwa nasaba yake, ndugu wagombeao shamba la marehemu, na mwishoni ndoa ambayo ama huziunganisha nyumba mbili ama huzibomoa zote. Lawama zitolewazo juu yake ni tatu. Ya kwanza, kwamba ni upuuzi upotezao wakati. Ya pili, kwamba ni mtindo wa kigeni ulioletwa na vitabu vya Ulaya na filamu za Bara Hindi. Ya tatu, ambayo aghalabu haisemwi kwa sauti, ni kwamba hizo ni hadithi za wanawake, na kwa hiyo si kazi ya wanachuoni kuzishughulikia.

Makala haya yanakusudia kuzipima lawama hizo kwa historia ya mahali pamoja, yaani pwani ya kaskazini ya Tanzania, tangu Moa na Tanga mpaka Pangani na Saadani, pamoja na milima ya Usambara iliyo nyuma yake. Hoja yenyewe ni hii: kinachomshika msomaji wa pwani hiyo si mapenzi peke yake. Ni swali la zamani ambalo mapenzi hulifumbua, yaani, huyu ni mtoto wa nani, naye ataingia nyumba ya nani? Swali hilo lilikuwapo kabla ya riwaya ya kwanza kupigwa chapa, na limeandikwa kwa Kiswahili katika nchi hiyo hiyo tangu mwisho wa karne ya 19.

Nchi na Swali Lake

Katika miji ya Mrima cheo cha mtu kilipimwa kwa nasaba kabla ya kupimwa kwa mali. Pangani ilikuwa mlango wa misafara iendayo bara, na kando ya mto wake palikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Katika mji wa namna hiyo waliishi pamoja waungwana, Waarabu wa Manga, Wahindi wenye maduka, watumwa, mahuru na masuria. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto aliyezaliwa na suria kwa bwana wake alikuwa huru, na alirithi kama nduguze waliozaliwa na mke wa ndoa. Sheria ilisema hivyo. Ndimi za watu zilisema mengine. Mtu aliweza kuwa na shamba, na nyumba ya mawe, na kanzu ya darizi, na bado siku ya posa akaulizwa jina la bibi yake mzaa mama. Utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, lakini amri ya serikali haikuweza kufuta kumbukumbu za majirani.

Kiswahili kina neno moja likusanyalo mambo hayo yote, nalo ni kufu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wa Waislamu wa pwani, mume hutakiwa awe kufu ya mke, na miongoni mwa mambo yapimwayo ni nasaba, uungwana, dini na kazi. Walii aweza kuizuia ndoa kwa hoja kwamba mposaji si kufu. Kwa hiyo mapenzi ya kijana na msichana wasio kufu hayakuwa jambo la mioyo miwili tu. Yalikuwa kesi, yenye madai, mashahidi na hukumu. Mtunzi wa hadithi apataye kesi kama hiyo hana haja ya kubuni fitina. Fitina imekwisha kupangwa na desturi yenyewe.

Kwa upande wa kaskazini, miongoni mwa Wadigo, palikuwa na jambo jingine. Kwa desturi ya zamani mali ya mtu ilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada, wala si kwa mwanawe wa kumzaa. Uislamu ulipoenea, sheria yake ikamtaja mwana kuwa mrithi, kila mmoja kwa fungu lake. Basi minazi ile ile ikawa na wenyewe wawili, mmoja kwa mila na mmoja kwa sheria, na mashauri ya urithi yakafika barazani kwa miaka mingi. Mjomba aliyempenda mwanawe na kumwogopa mpwa wake, na mpwa aliyelima shamba akitumaini kulirithi, ni watu wa hadithi kabla hawajaandikwa na mtu.

Kisha ukaja mkonge. Mwaka 1893 ulipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, kwa juhudi za Mjerumani Richard Hindorf, na mwaka huo huo ujenzi wa reli ukaanza kutoka Tanga. Mashamba ya mkonge yalipoenea yalivuta vibarua kutoka mbali, Kigoma, Ruanda-Urundi, kusini mwa nchi na hata Msumbiji, nao wakaitwa manamba. Wengine walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Wengine walikaa, wakaoa, wakazaa, na watoto wao wakawa watu wa Tanga. Hivyo swali la nasaba, ambalo zamani liliulizwa juu ya mtumwa na mwungwana, likaulizwa sasa juu ya mgeni na mwenyeji. Maneno yalibadilika, swali lilibaki.

Habari za Wakilindi

Mfano wa kwanza ulioandikwa wa hadithi ya ukoo katika nchi hii ni kitabu ambacho hakikukusudiwa kuwa hadithi ya kubuni. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mtu wa pwani aliyeishi karibu na watawala wa Usambara na kuyaona mambo yao kwa macho, aliandika Habari za Wakilindi, yaani tarehe ya ukoo uliotawala Usambara. Kazi hiyo ilitolewa kwa sehemu tatu baina ya 1895 na 1907 katika matbaa ya misheni ya Universities' Mission upande wa Magila, ikapigwa chapa upya Nairobi mwaka 1962 kwa usimamizi wa J. W. T. Allen. Wanahistoria wameitumia sana kama chimbuko la habari. Wanafasihi wameipita haraka, na hapo pana hasara, kwa kuwa mpango wake ndio ule ule wa riwaya ya ukoo.

Yafaa kutazama jinsi inavyoanza. Mbega alizaliwa Nguu, na meno yake ya juu yakatangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, naye aliaminiwa kuwa ni nuksi kwa jamaa zake. Wazazi wake walimficha na kumlea. Walipokufa, jamaa walimnyima fungu lake katika urithi kwa sababu ya ukigego wake, na vifo vilipotokea katika ukoo wakamtwika yeye. Basi akaondoka na mbwa wake, akawa mwinda nguruwe. Hapa msomaji wa riwaya za leo atatambua mara moja alipo: mtoto mwenye siri ya kuzaliwa, mali aliyodhulumiwa, na njia iendayo ugenini. Kitabu hakijafika mbali, na tayari maswali matatu ya hadithi ya ukoo, yaani kuzaliwa, kurithi na kukubaliwa, yamekwisha kuulizwa.

Majibu yake hayaanzii kwenye vita vikubwa. Mbega aliingia Usambara kwa nyama aliyowagawia watu, kwa kuwaua wanyama walioharibu mashamba, kwa kuamua mashauri, na kwa ndoa. Alisadikisha methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone. Wenyeji walimpa wake kutoka sehemu mbalimbali, na kila mke alimletea wakwe, na kila mtoto akawa na wajomba. Usiku wa Vugha alimwua simba, na mwanawe Buge, aliyezaliwa na mwanamke wa Kisambaa, akapata jina la Simba na kumrithi baba yake. Steven Feierman, katika utafiti wake juu ya ufalme huo uliotoka mwaka 1974, alionyesha jinsi watoto wa Mbega walivyosimamishwa kuwa wakuu mahali ambapo ndugu za mama zao walikuwa na nguvu. Kwa maneno mengine, ramani ya ufalme ilichorwa kwa ndoa. Aliyenyimwa urithi kwao akawa asili ya urithi wa watu wote wa nchi ya pili.

Sehemu za baadaye zasimulia jinsi jengo hilo lilivyobomoka. Kimweri ye Nyumbai alitawala muda mrefu, akawaweka wanawe kila upande. Alipofariki, katika miaka ya 1860, kiti cha Vugha kilimwangukia mjukuu wake Shekulwavu, naye Semboja, mwana wa Kimweri aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, hakuridhika. Ugomvi wa mtu na mtoto wa kaka yake ukawa vita vya nchi nzima. Wabondei wakawaasi Wakilindi. Watu wengi wakauzwa utumwani pwani. Mwandishi hahitaji kusema kwamba nyumba iliyojengwa kwa ndoa nyingi ina warithi wengi, na warithi wengi ni hatari. Mpango wa habari zake wasema hivyo wenyewe.

Ni haki kukiri kwamba mapenzi, kwa maana ya mioyo miwili itamanianayo, hayana nafasi kubwa katika kitabu hicho. Ndoa humo ni shauri la watu wazima. Lakini ladha ya kufuata ukoo mmoja kwa vizazi vitatu au vinne, na kupima kila arusi kwa matunda yake ya miaka thelathini baadaye, imekwisha kuwamo. Kilichobaki ni kumpa sauti msichana aliyeolewa.

Wosia, Tenzi na Shaaban Robert

Sauti hiyo ilitoka upande mwingine wa fasihi. Pwani nzima ilikuwa na desturi ya wosia wa mzazi kwa mwanawe, na wosia mashuhuri kupita zote ni utenzi ambao Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake Mwana Hashima mwaka 1858. Mara nyingi umesomwa kama sheria ya mke kumtii mumewe. Lakini hauna budi kusomwa pia kama neno la mama mgonjwa anayejua kwamba hatakuwapo siku binti yake atakapoingia nyumba ya watu. Tanga nayo ilikuwa na watunzi wake wa tenzi, na mkubwa wao katika karne ya 19 alikuwa Hemedi bin Abdallah al-Buhry, aliyetunga habari za Wajerumani kuitwaa Mrima na tenzi nyingine juu ya watu wa nyumba ya Mtume. Tenzi hizo zilisomwa kwa sauti mbele ya watu, wake kwa waume, na wasikilizaji waliwalilia watu wa zamani za kale kama jamaa zao. Hadhira iliyozoea kukaa usiku kucha ikisikiliza msiba wa nyumba moja haikufundishwa uvumilivu huo na riwaya. Iliupeleka kwenye riwaya.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alisimama mahali ambapo njia hizo mbili zilikutana. Ukoo wake mwenyewe ulikuwa na asili ya Uyao, yaani bara ya kusini, naye akawa Mswahili ambaye Waswahili wote humtaja kwa fahari. Alimlilia mkewe Amina kwa shairi lenye jina hilo. Alimtungia binti yake Mwanjaa utenzi wa Hati na mwanawe Hussein utenzi wa Adili. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge tangu 1931 hadi 1958 zilihifadhiwa na kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Ukizichukua kazi hizo pamoja utaona kwamba mtu huyu, anayesifiwa kwa falsafa, aliiandika jamaa yake kwa miaka mingi: mke, binti, mwana na ndugu, kila mmoja kwa utanzu wake.

Hadithi zake zina alama hiyo hiyo. Katika Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, kisa cha Alfu Lela Ulela kimefanywa kuwa kisa cha wivu wa ndugu wa tumbo moja. Hasidi na Mwivu hawamtupi Adili baharini kwa sababu ya mali tu, bali pia kwa sababu ya mchumba aliyempata. Mapenzi ndiyo yaletayo hukumu juu ya udugu. Katika Utubora Mkulima, kilichotoka mwaka 1968 baada ya kufa kwake, mtu anaacha kazi ya mshahara akaenda kulima Busutamu, na pamoja na maadili ya jembe msomaji hupewa pia habari ya moyo na ndoa. Walimu wengi hufundisha jembe na kuruka moyo. Msomaji asiyesoma kwa ajili ya mtihani hufanya kinyume chake, wala si mjinga.

Sinema, Taarabu na Riwaya

Baada ya vita vya pili vya dunia, watu wa Tanga walipata mahali pawili papya pa kusikiliza swali lao: jumba la sinema na ukumbi wa taarabu. Filamu za Kihindi zilipendwa katika miji yote ya pwani, na haikupendwa yoyote kuliko Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Kisa chake ni cha hakimu aliyemfukuza mkewe mwenye mimba kwa kumshuku, na mtoto akakulia mitaani na kuwa mwizi, kisha akampenda msichana aliyelelewa na hakimu yule yule. Hoja inayobishaniwa humo ni kama mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Mswahili hakuhitaji mkalimani kwa hoja hiyo, kwa kuwa alikuwa na methali mbili zishindanazo juu yake: mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Filamu ilimpa saa tatu za kuamua baina ya hizo mbili. Hivyo ni kweli kwamba Bara Hindi lilileta kitu, lakini kilichopokewa ni kile ambacho mahali pake palikuwa pamekwisha kutengenezwa.

Katika taarabu, Tanga ilipata sauti yake yenyewe kwa vikundi vya Black Star na Lucky Star, vilivyotumia magitaa na kuufupisha na kuuchangamsha mtindo wa zamani, na kwa mwimbaji Shakila Said aliyejulikana Afrika Mashariki yote. Nyimbo za mapenzi zilisema kwa dakika chache jambo ambalo riwaya hulisema kwa kurasa mia mbili, na tofauti moja kubwa: wimbo hausemi mpenzi ni mtoto wa nani. Kila msikilizaji hujaza jina. Riwaya, kinyume chake, huishi kwa kutaja majina ya baba na mama.

Riwaya zenyewe nyingi zilitoka ng'ambo tu ya mkondo wa bahari, Unguja na Pemba, ambako maswali ya nasaba, utumwa na mashamba yalikuwa makali zaidi. Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy ilitoka mwaka 1960, ikaeleza maisha ya kijiji kwa kisa cha dada wawili pacha na mapenzi yao. Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Nyota ya Rehema mwaka 1976. Rehema alizaliwa na rangi isiyofanana na ya wazazi wake, na baba yake Fuad akamkataa. Baadaye shamba analolilima likawa chanzo cha ugomvi wa urithi. Hapana riwaya ya Kiswahili inayomkaribia Mbega kuliko hiyo. Kigego na mtoto wa rangi isiyotarajiwa wamehukumiwa kwa kosa moja: mwili wao umetoa ushahidi ambao jamaa hawakutaka kuusikia. Tofauti ni kwamba Mbega alikwenda akapewa nchi, na Rehema, aliye mwanamke na maskini, hata kipande cha shamba hakumilikishwa kwa amani.

Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya mwaka 1980, aliichukua nyumba ya mtu mwenye cheo na kuifungua mlango mmoja mmoja. Maksuudi amemfungia binti yake Maimuna ndani kwa jina la heshima. Heshima hiyo inapovunjika, Maimuna anatoroka, na baba anayemhukumu ana makosa makubwa kuliko ya binti. Adam Shafi alifanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, ya mwaka 1978, nyumba ni ya tajiri mwenye shamba na watumishi wake. Katika Vuta N'kuvute, ya mwaka 1999, Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anampenda Denge, Mwafrika mpigania uhuru. Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilitengenezwa na Amil Shivji mwaka 2021. Wanawake nao walishika kalamu: Zainab Burhani alitoa Mali ya Maskini mwaka 1981, akafuatisha na nyingine. Pamoja na vitabu hivyo zimekuwapo hadithi za mfululizo magazetini, kama zile za Eric Shigongo, ambazo kila wiki humwacha msomaji mlangoni na kumwambia kwamba itaendelea.

Mwandishi mmoja wa pwani amekwisha kulipeleka swali hili mbele ya dunia. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, alitoa mwaka 2020 riwaya ya Kiingereza iitwayo Afterlives, juu ya jamaa moja ya pwani ya Tanganyika tangu zama za Wajerumani. Hamza, askari aliyerudi vitani amejeruhiwa, na Afiya, msichana aliyelelewa na watu wasio wazazi wake, wanapendana katika nyumba ya watu wengine. Mtoto wao anapewa jina la mjomba aliyepotea, na ni mtoto huyo atakayekwenda Ujerumani kumtafuta. Wasomaji wa Ulaya waliisifu kama historia ya ukoloni. Msomaji wa Tanga ataona humo pia kitu alichokijua tangu Habari za Wakilindi: mgeni, mlezi, ndoa na jina la kurithiwa.

Mvuto na Lawama

Sasa yaweza kuelezwa kwa nini hadithi hizi huvuta. Kwanza, zinampa msomaji ujuzi alio nao tayari na kumtaka autumie. Mtu aliyekaa katika mabaraza ya posa na matanga ya urithi hujua kabla ya mtunzi kusema kwamba shangazi aliyenyamaza pembeni ana neno. Pili, zinampa muda. Kisa kifupi huonyesha kosa. Hadithi ya vizazi huonyesha nani alilipa kosa hilo, na mara nyingi mlipaji si mkosaji. Tatu, zinampa mtu asiye na sauti barazani mahali pa kuhukumu. Binti hawezi kumwambia walii wake kwamba kipimo cha kufu kimekosewa, lakini aweza kusoma usiku habari ya binti mwingine na kutoa hukumu moyoni mwake. Hapo ndipo ile lawama ya tatu, kwamba hizi ni hadithi za wanawake, inapogeuka kuwa sifa. Ndoa ilipokuwa siasa, kama ilivyokuwa Vugha, habari zake ziliitwa tarehe na kuandikwa na wanaume. Ndoa hiyo hiyo ilipoandikwa kwa upande wa aliyeolewa, iliitwa upuuzi.

Isidhaniwe kwamba riwaya hizi hazina kasoro. Nyingi hutegemea bahati: barua iliyopotea, ajali ya gari, tajiri asiyetarajiwa. Nyingine humpa mwema zawadi ya fedha, kana kwamba wema usiolipwa nyumba ya ghorofa si wema. Kasoro kubwa zaidi ni ya mizani: msichana aliyekosea hufa au huharibika, na mwanamume aliyekosea pamoja naye huoa mwingine. Wahakiki wa miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, waliotaka fasihi ijenge taifa na kueleza matabaka, walikuwa na haki ya kuuliza maswali magumu juu ya vitabu vya namna hiyo. Lakini walipohitimisha kwamba mapenzi na ukoo ni mambo ya kibwanyenye, walikwenda kombo. Hapana pengine tabaka lionekanapo waziwazi katika pwani hii kuliko siku ya posa. Mtu atakayetaka kujua jinsi utumwa ulivyoendelea kuishi baada ya 1922, hataupata wote katika sheria na hesabu za mashamba. Sehemu yake iko katika jibu alilopewa kijana aliyetuma wazee wakamposee.

Shule zimekwisha kufungua mlango kidogo. Utengano imepata kutahiniwa Kenya. Vuta N'kuvute, na Mfadhili ya Hussein Tuwa, ambayo ni hadithi ya mapenzi waziwazi, zimesomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita Tanzania. Kinachobaki ni kazi ya maktaba na vyuo. Vitabu vya bei nafuu vilivyouzwa vituoni na kwenye vibanda vya magazeti havikutunzwa kama vilivyotunzwa vitabu vya shule, na kurasa za hadithi za mfululizo zilifungiwa karanga. Kila nakala iliyopotea imepotea pamoja na ushahidi juu ya kile ambacho watu wa miaka hiyo walikitaka, walichokiogopa, na walichokiona kuwa haki katika nyumba zao. Nakala zilizobaki mikononi mwa watu zingali zaweza kukusanywa, kuorodheshwa kwa mtunzi, mwaka na mahali, na kuwekwa pamoja na kumbukumbu za mabaraza ya kadhi yaliyoamua kesi za ndoa na urithi za miaka ile ile, ili hizi zisomwe kwa hizo.

Kwa darasa la fasihi pana jambo dogo zaidi, nalo halihitaji fedha. Habari za Wakilindi na Utengano zisomwe mwaka mmoja, moja baada ya nyingine. Mwanafunzi ataona jinsi mtoto aliyenyimwa urithi Nguu alivyojenga nyumba kwa kuoa, na jinsi nyumba ya mtu mwingine ilivyobomoka kwa kumfungia binti. Hapo ataweza kuamua mwenyewe kama hadithi za mapenzi na ukoo ni upepo wa kigeni uliovuma pwani, au ni mojawapo ya njia za zamani ambazo watu wa nchi hii wametumia kulijibu swali ambalo bado huulizwa kila mposaji abishapo hodi.